Shahidi Hakufika

Tunduma,
11 Februari 2025

Kaka Ambakisye,

Salamu nitaziweka mwishoni nikizikumbuka, maana nikianza nazo hasira itapoa, na mimi sitaki ipoe.

Nakuandikia barua kwa sababu simu umeshaizoea. Kila nikikuuliza jambo zito unasema mtandao wa Ibaba unakata, umepanda mpaka kilimani lakini wapi. Karatasi haikati. Anania atakukabidhi mkononi akifika na Noah yake, na nimemwambia asiondoke mpaka aone umeifungua.

Jana ilikuwa siku ya kesi, mara ya pili. Nimetoka nyumbani alfajiri, jirani yangu Priska akinisukuma, kwa sababu foleni ya malori imekula barabara mpaka ukingoni na kiti changu cha magurudumu kinapita kati ya tairi na mtaro. Nimefika saa mbili kasoro. Mahakama bado wamepanga lile ghorofa juu ya duka la mabati. Ngazi ishirini na mbili. Nimezihesabu kwa macho, kwa miguu siwezi. Nikakaa chini, nikamwambia kila aliyepanda, mwambie karani Enesi yupo hapa. Wote walisema "haya mama". Saa nne karani akatoka kibarazani huko juu akaita jina langu mara tatu. Nikajibu mara tatu, "Nipo!" Malori yalikuwa yanapiga honi kugombania mpaka. Karani akarudi ndani. Baadaye Priska akapanda kuuliza, akaambiwa jalada limeshaandikwa: shahidi hakufika.

Hakufika, kaka! Mimi niliyekaa pale mpaka jua likanichubua pua.

Mara ya kwanza, mwezi wa kumi na moja, si nilikubali kubebwa? Wapakiaji wawili wa saruji, mmoja mabegani mmoja miguuni, sketi imenipanda mbele ya umati wa watu, na kwenye ngazi ya tisa mmoja akateleza. Nikagonga kiuno palepale palipovunjika. Nikapelekwa zahanati, na huko juu wakaandika hivyohivyo, hakufika. Siku ile niliapa. Mimi si gunia la mahindi. Sibebwi tena, hata na malaika.

Sasa mwendesha mashtaka amesema tarehe 24 Machi nisipoonekana, kesi inaondolewa. Ikiondolewa, kitakachobaki kwenye karatasi ni maelezo ya yule kijana wa bodaboda aliyenigonga, Clement, kwamba nilikurupuka barabarani kama mbuzi. Kaka, nilikuwa kwenye zebra. Lori la Mzambia lilisimama kunipisha, dereva akanipungia nipite, na Clement akalipita lile lori akiwa na abiria wawili. Sitaki afungwe. Sitaki fidia, pikipiki yenyewe si yake. Nataka iandikwe kwamba nilikuwa kwenye zebra. Basi.

Kwa hiyo njoo siku hiyo. Hutanibeba. Utasimama kule kibarazani, karani akiita jina langu umjibu uso kwa uso kwamba nipo.

Maziwa yamefika, kidumu kizima, na utando mzito juu. Tangu ulipouza viazi ukanunua yule ng'ombe, nimepata nguvu za kuzungusha cherehani kwa mkono kutwa nzima. Mungu akubariki. Salamu kwa mama na wifi Imelda. Umeona, nimezikumbuka.

Mdogo wako,
Enesi Mtafya


Ibaba,
19 Februari 2025

Mdogo wangu Enesi,

Mimi salamu naanza nazo, kama tulivyofundishwa. Mama hajambo, ni goti tu. Imelda hajambo, watoto hawajambo. Mvua imezidi, viazi vinaozea ardhini.

Sasa nami nikuulize. Jumamosi jioni tumekaa, redio ikasoma habari za huko kwenu. Wakasema ajali zimepungua. Wakasema jengo la mahakama limewekewa njia ya mteremko na wenye viti mwendo wanaingia bila shida. Halafu wakaweka sauti yako. Sauti yako kabisa, Enesi: "Nashukuru sana, kwa kweli nashukuru sana." Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Siku tatu baadaye Anania ananiletea barua ya ngazi ishirini na mbili. Nimwamini nani, Enesi wa redioni au Enesi wa Anania? Kama barua iliandikwa kabla ya mteremko, basi tatizo limeisha, tumshukuru Mungu, na mimi sina cha kuja kufanya huko. Pareto inataka kuchumwa, na mchumaji ndiye mimi.

Na kama umechoka na kesi, sema tu. Hakuna atakayekucheka. Kesi hata ukishinda inakula mwili. Huyo kijana mwenyewe mkewe amejifungua juzi, mtoto wa kike, wanahangaika kama watu wengine. Msamehe, mdogo wangu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Nimekutumia maziwa mengine. Uyachemshe vizuri.

Kaka yako,
Ambakisye


Tunduma,
25 Februari 2025

Kaka,

Yaliyopita si ndwele, sawa. Yangu mimi bado ni ndwele, na nimeikalia kwenye kiti.

Nikueleze habari ya redio. Ijumaa ile walikuja watu na gari kunichukua, wakasema kuna uzinduzi, vaa nguo nzuri. Nikavaa kitenge cha Krismasi. Nikakuta mteremko wa zege, umepakwa rangi ya njano, na una chuma cha kushikilia. Umesimama wima kiasi kwamba vijana wanne walinisukuma na wa tano alikaa nyuma nisibiringike. Umenifikisha wapi? Kwenye baraza la duka la mabati. Unaishia hapo. Ngazi ishirini na mbili zinaanzia hapohapo, hazijaguswa, ila nazo zimepakwa njano zifanane.

Watu wakapiga makofi. Mwandishi akanisogezea kinasa sauti, nami nikasema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Nashukuru sana, kwa kweli nashukuru sana, sasa nitafika dukani kununua misumari. Mahakamani je, nitafikaje?" Misumari hawakuirusha.

Jumatatu nikaenda redioni kudai maneno yangu. Redio nayo iko ghorofani! Mtangazaji akashuka, kijana mpole, akasema samahani mama, muda wa habari ulikuwa mfupi. Akaniuliza kama nina salamu za kutuma kwa ndugu na jamaa. Kaka, nilicheka mpaka Priska akadhani nalia, na kweli sijui nilikuwa nafanya lipi.

Na hizo ajali zilizopungua, walizihesabia wapi? Kilichopungua ni mistari ya zebra. Imefutika, imebaki miwili, na wiki iliyopita amegongwa muuza ndizi palepale. Kapona, ila ndizi zote zilikuwa uji.

Haya, hayo yote weka pembeni. Nina swali moja. Umejuaje kwamba mke wa Clement amejifungua? Mimi ninayeishi naye mji mmoja sikujua hata kama ana mke. Kwao ni Ndalambo, kwetu ni Ibaba, katikati kuna wilaya nzima ya milima. Nani amekuletea habari za uzazi wao?

Nijibu hilo. Na unijibu kama unakuja.

Enesi


Ibaba,
4 Machi 2025

Mdogo wangu,

Watu wanasafiri na habari zinasafiri nao. Mbona kila kitu unakikagua kama mshono wa mteja?

Tarehe 24 sitaweza. Ndama anaharisha na bwana mifugo amesema asiachwe peke yake. Ndiyo maana maziwa ni kidogo safari hii. Mwombe mzee Gwamaka wa kanisani kwenu akusindikize, ana sauti kubwa, anaongoza kwaya. Ukiona ni shida, baki nyumbani. Hakimu wa kweli ni Mungu.

Mama anakusalimu.

Ambakisye


Ibaba,
10 Machi 2025

Wifi yangu Enesi,

Naandika nikiwa jikoni, kaka yako yuko kwenye pareto. Anania nimemwapisha kwamba barua hii haitapita mkono mwingine. Mwandiko wangu utauvumilia, niliishia darasa la saba na tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko majina ya watoto.

Wifi, yule ng'ombe hatukumnunua. Viazi vya mwaka jana viliozea shambani kama vya mwaka huu, tungemnunua na nini? Aliletwa mwezi wa saba, akiwa na mimba. Aliyemleta ni mzee Rabson, baba yake Clement, pamoja na mzee wa kanisa na mshenga mmoja. Walitembea na mnyama wao kutoka stendi mpaka kwetu, wamelowa wote. Walisema wamekuja kutoa pole.

Wewe unatujua. Mtu akija na pole humgeuzi mlangoni. Ukimgeuza umemwambia uadui wetu na wako utafika mpaka kwa wajukuu. Mama alilia, mzee Rabson naye akalia, nikachinja kuku. Mpaka hapo mimi sioni kosa la mtu. Kosa lilikuja baada ya kula. Mzee Rabson akatoa karatasi mfukoni, akasema ni ya kuonyesha tu kwamba ng'ombe amefika. Kaka yako akaiweka juu ya paja akasaini, bila miwani, akiona aibu kuisoma mbele ya wageni waliokula kwake. Nakala wakatuachia. Niliisoma mimi, nikiwa naosha vyombo. Imeandikwa kwamba familia imeridhika, na kwamba ajali ilitokana na mtembea kwa miguu kuingia barabarani ghafla.

Nilimwambia siku ileile. Siku ya tatu akasema, Enesi asijue, ana maumivu ya kutosha. Tangu hapo kila mtu akitoka Ndalambo anakuja kutuamkia kama ndugu, ndiyo maana habari za uzazi tunazo. Na ndiyo maana haji huko. Ile karatasi wataitoa tarehe 24, na anaogopa kuulizwa mbele yako sahihi ni ya nani.

Yeye anasema ng'ombe ni wa mama, mama anahitaji maziwa. Ni kweli anahitaji. Lakini anayekamua ni mimi, wifi, na kila nikikaa kwenye kile kigoda nakuona wewe. Nimeshindwa kuendelea.

Usinichukie, na yeye usimchukie sana. Ila kidogo anastahili.

Wifi yako,
Imelda


Tunduma,
14 Machi 2025

Ambakisye,

Kidumu nakurudishia. Nimekiosha.

Tangu mwezi wa kumi na moja nimekuwa nikimringia Priska: tazama utando huu, kaka yangu ananijali. Kumbe kila asubuhi nilikuwa nakunywa miguu yangu na chai.

Kwa ng'ombe sina neno. Mzee Rabson alikuja na adabu zake, na pole ilikuwa halali yako na mama kuipokea. Ningekuwepo ningempikia mwenyewe. Lakini zebra ilikuwa yangu. Wewe siku ile ulikuwa Ibaba unapalilia, hukuona lori wala pikipiki, na umeweka sahihi kwamba nilikurupuka. Mahakama imeandika mara mbili kwamba sikufika mahali nilipokuwa. Sasa kaka yangu wa tumbo moja ameandika kwamba sikuwa mahali nilipogongewa. Mkimaliza kuniandika hivyo, mimi nitabaki wapi?

Na uliponiambia nisamehe, ulikuwa unaniombea nani msamaha?

Tarehe 24 saa mbili asubuhi nitakuwa chini ya zile ngazi. Sikuombi tena uje. Nakujulisha tu nitakapokuwa, ili angalau mtu mmoja ajue.

Mama asiambiwe. Mwache anywe maziwa yake.

Enesi


Tunduma,
27 Machi 2025

Kaka,

Umeondoka na lile lori la viazi bila hata kuniaga, kwa hiyo ni barua tena. Nikueleze ulivyoonekana kutoka chini, maana juu sikuwepo.

Saa mbili na robo lori linarudi kinyumenyume mpaka kwenye ule mteremko wa njano. Nyuma kuna ng'ombe na ndama, na katikati yao wewe, umevaa koti la harusi yako. Hukunisalimia. Ukawashusha wale wanyama kupitia mteremko huohuo, na lazima niseme ng'ombe alishuka vizuri, ndiye wa kwanza kuutumia bila kusukumwa. Ukampelekea mzee Rabson kamba pale aliposimama na mwanawe. Ukamwambia, "Mzee wangu, pole tuliipokea kwa moyo mmoja. Karatasi ndiyo imenishinda. Mnyama wako huyu, na mtoto wake." Mzee akakataa kushika kamba, mikono ameificha nyuma. Ukaifunga kwenye chuma cha mteremko. Ndipo ukaja kwangu ukasema, "Naomba kiti."

Nilidhani unataka kunibeba. Nilikushika mkono tayari kukuuma, utaniwia radhi. Ukasema, "Wewe baki. Nataka kiti." Priska akanigeuzia ndoo ya rangi, nikakaa nimeegemea ukuta wa duka, ukaweka kiti changu begani ukaanza kupanda. Watu wote waliokuwa na kesi zao wakakupisha ngazini. Karani akatoka, akaita jina langu mara ya kwanza, na kabla hajafika ya pili nikasikia, "Yupo!" Kaka, siku ile honi zote za mpakani hazikufua dafu.

Baada ya hapo nikasubiri kwenye ndoo, ng'ombe akinitazama. Dereva mmoja wa Zambia akapita, akanisalimu kwa lugha ya kwao, "Mulishani, ba mayo," yaani habari mama, akataka kujua kama namuuza ng'ombe. Ilipita karibu nusu saa. Halafu nikaona viatu vyeusi vinashuka: hakimu mwenyewe, na karani na meza, na mwendesha mashtaka amebeba kiti changu vibaya, kwa gurudumu moja. Wakaweka mahakama pale kwenye baraza la duka. Wanunuzi wa misumari wakaambiwa wanyamaze. Nikaapa, nikasema nilikuwa kwenye zebra, mstari wa tatu kutoka upande wa soko, na lori lilikuwa limesimama. Clement aliangalia chini muda wote. Alipoulizwa kama ana swali kwa shahidi, akasema hana. Nikamwomba karani anisomee alichoandika, na cha kwanza alichosoma kilikuwa: shahidi amefika.

Hukumu ina siku yake. Itakavyokuja na ije.

Baadaye mzee Rabson alifungua kamba mwenyewe. Alipita kwangu, akanipa mkono, akasema, "Pole, mama." Hakuwa na karatasi. Nikasema asante, na hiyo nimeipokea.

Jana redio imetangaza habari zetu. "Ng'ombe afikishwa mahakamani Tunduma." Wakaweka na sauti ya ng'ombe, ndefu, nzima, hawakuikata hata kidogo.

Sasa niambie. Ulisema nini huko juu mpaka hakimu akashuka? Nimemuuliza karani, anatikisa kichwa tu. Hasira bado ninayo, usidhani imekwisha. Lakini nataka kujua.

Mdogo wako,
Enesi


Ibaba,
3 Aprili 2025

Mdogo wangu Enesi,

Mama naye alisikia ile redio, akauliza mbona safari hii hukusema kitu. Nikamweleza yote, nikaanzia kwenye karatasi. Hajanisemesha tangu Jumapili. Ugali ananipitishia kwa mkono wa Imelda.

Umeuliza nilisema nini. Sikusema mengi. Nilikiweka kiti mbele ya hakimu, akauliza mwenye kiti yuko wapi. Nikasema yuko chini, na mara zile mbili alikuwa palepale. Wakili wa kijana akasimama na ile karatasi, akanionyesha, akauliza sahihi ni ya nani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, Enesi, nilikuwa na maneno mazuri ya kujitetea kuhusu miwani na wageni na mama. Yote yalinitoka. Nikasema, "Sahihi ni yangu, mheshimiwa. Miguu ilikuwa ya mdogo wangu." Hakimu akakitazama kile kiti kitupu muda mrefu. Halafu akachukua jalada lake akasimama.

Sikukuaga kwa sababu ya aibu. Nimeandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine nikazichana. Nisamehe. Safari hii najua ninamwombea nani.

Chai tunakunywa ya rangi. Imelda anasema ni tamu kuliko zote alizokunywa mwaka huu. Anania anakuletea viazi nusu gunia, ni vya shamba letu, vile vichache vilivyopona. Ule bila wasiwasi.

Na kitu kimoja zaidi. Zile ngazi ni ishirini na tatu. Nilizihesabu nikiwa na kiti chako begani. Ya mwisho imejificha nyuma ya ukingo wa kibaraza, mtu aliye chini haioni. Uliniandikia ishirini na mbili mara mbili, na mimi sikuwa nimekuja kuhesabu.

Kaka yako,
Ambakisye